Jongoo bahari na nyungunyungu: tunajuaje nani ndugu wa nani?

Swali: Mimi ni mwalimu wa biolojia katika shule ya sekondari ya pwani. Mwanafunzi wangu alileta darasani jongoo bahari aliyepewa na baba yake mvuvi, akamlaza kando ya nyungunyungu tuliyemchimba bustanini, kisha akauliza: "Mwalimu, hawa wote ni laini, ni warefu, hawana miguu wala mifupa. Kwa nini kitabu kinawatenganisha, halafu kinamweka jongoo bahari pamoja na kiti cha pweza, ambaye hafanani naye hata kidogo?" Nilimjibu kwamba ndivyo wataalamu walivyokubaliana, lakini jibu hilo halikumridhisha yeye wala mimi. Naomba ufafanuzi.

Jibu: Mwalimu, nakushukuru kwa swali hili, na naomba unifikishie salamu kwa mwanafunzi wako, kwa sababu alichokifanya mezani ndicho alichokifanya Carl Linnaeus wa Sweden mwaka 1758. Katika chapa ya kumi ya kitabu chake cha kuainisha viumbe, Linnaeus aliwagawa wanyama wote katika ngeli sita: wanyonyeshao, ndege, amfibia (ambamo aliwatia pia mijusi na nyoka), samaki, wadudu, na ngeli ya mwisho aliyoiita Vermes, maana yake minyoo. Katika ngeli hiyo ya sita aliwarundika nyungunyungu, konokono, pweza, yavuyavu na kiti cha pweza, yaani karibu kila kiumbe laini ambaye hakupata nafasi kwingine. Mtu huyo alikuwa na jicho kali kuliko wengi wetu, na bado alifuata kile ambacho macho hukiona kwanza, yaani umbo la nje na ulaini wa mwili.

Mfaransa Jean-Baptiste Lamarck, aliyekabidhiwa mwaka 1793 kazi ya kufundisha habari za wadudu na minyoo katika jumba la makumbusho la Paris, ndiye aliyeanza kulifungua rundo hilo, na ndiye aliyetuachia jina "wanyama wasio na uti wa mgongo". Jina hilo limesaidia sana katika mazungumzo, lakini nakuomba uwaambie wanafunzi wako tangu siku ya kwanza kwamba halitaji ukoo wowote. Linawakusanya wanyama kwa kitu wasichokuwa nacho. Ukisema "watu wasio wa Tanga", umemtaja Mmakonde wa Mtwara, Mganda wa Masaka na Mjapani wa Osaka kwa mpigo mmoja, na hujasema lolote kuhusu uhusiano wao. Katika kila spishi 100 za wanyama zilizokwisha kupewa majina ya kisayansi, zaidi ya 95 hazina uti wa mgongo; kwa hiyo sifa ya kuukosa uti ndiyo hali ya kawaida ya mnyama, nasi wenye uti ndio wachache tuliotoka katika tawi moja dogo.

Hapo ndipo penye kiini cha jibu. Wanasayansi wa leo hawaulizi ni nani wanafanana, bali wanauliza ni nani wamerithi jambo jipya kutoka kwa mhenga mmoja. Fikiria umeingia katika nyumba yenye watu ishirini, ukatakiwa utambue ni akina nani waliozaliwa na babu mmoja. Kuwa kila mmoja ana masikio mawili hakukusaidii, kwa sababu masikio mawili ni urithi wa zamani mno, nao wanao hata watu wa nyumba ya jirani. Kuwa watano wamevaa kanga ya aina moja hakukusaidii pia, maana huenda waliinunua dukani kwa ajili ya harusi. Lakini ukiona watatu kati yao wana kidole cha sita katika mkono wa kushoto, na ukasikia kwamba babu fulani alikuwa nacho, hapo umepata alama ya ukoo: jambo jipya lililozuka kwa mmoja na kurithiwa na wazao wake. Mtaalamu wa nzi kutoka Ujerumani, Willi Hennig, ndiye aliyeiweka kanuni hii kwa utaratibu kamili katika kitabu alichokichapisha mwaka 1950, ambacho mswada wake wa awali aliuandika mwaka 1945 akiwa mfungwa wa vita. Kwa kanuni yake, sifa ya zamani inayoshirikiwa na wengi haithibitishi ukoo, sifa iliyofanana kwa kujitokeza mara mbili inapotosha, na sifa mpya iliyorithiwa ndiyo ushahidi.

Sasa turudi mezani kwenu. Ulaini, urefu na ukosefu wa miguu ni kanga za dukani: kila mnyama anayejipenyeza katika udongo au kujiburura juu ya mchanga hufaidika kwa kuwa na mwili wa namna hiyo, na umbo hilo limezuka katika koo nyingi zisizohusiana. Ukosefu wa mifupa nao ni kama masikio mawili. Ili kuiona alama ya ukoo ya jongoo bahari inabidi umkaribie zaidi, na watu wa pwani wana bahati ya kumpata kwa urahisi.

Waulize wanaomtayarisha jongoo bahari kwa ajili ya kuuza. Wanapompasua kwa kisu kabla ya kumchemsha, ndani ya ukuta wa mwili huonekana mikanda ya misuli inayokwenda kutoka kichwani hadi nyuma, nayo ni mitano. Hesabu hiyo ya tano ndiyo ile ile unayoiona katika mikono mitano ya kiti cha pweza, na katika safu tano za matundu madogo kwenye ganda la yule mnyama wa duara mwenye miiba mirefu myeusi anayewachoma miguu wavuvi kwenye miamba. Mtwae kiti cha pweza, mfikirie amerefushwa kuanzia mdomoni hadi upande wa pili, mikono yake ikiwa imeungana na mwili, kisha mlaze ubavu: umempata jongoo bahari. Chini ya tumbo utaona vijiguu laini vinavyonata, na kama mnyama yu hai ndani ya beseni la maji ya bahari utaviona vikirefuka na kufupika. Vijiguu hivyo havisukumwi na misuli peke yake bali na maji yanayopita katika mfumo wa mirija ndani ya mwili. Mfumo huo wa mirija ya maji wanao tu wanyama wa faila (yaani kundi kuu) ya ekinodermata, ambamo wamo jongoo bahari na kiti cha pweza, wala haujapata kuonekana kwa nyungunyungu, pweza, kaa au mnyama mwingine yeyote. Hicho ndicho kidole cha sita.

Alama nyingine imejificha katika ngozi. Kiti cha pweza ana vibamba vigumu vya kalsi vinavyomfanya akauke akiwa na umbo lake, lakini jongoo bahari anaonekana hana. Anavyo, ila vimepungua hata vikawa vipande vidogo visivyoonekana kwa macho, vilivyotapakaa ndani ya ngozi kama chembe za mchanga. Vikitazamwa kwa hadubini, vingine vina sura ya kifungo cha shati chenye matundu, vingine kama kijimeza, na katika baadhi ya spishi kama nanga. Wataalamu huzitambua spishi za jongoo bahari kwa vipande hivyo, kwa sababu rangi ya ngozi hubadilika na umbo la mwili hutegemea kama mnyama amejikunja au amejinyoosha, lakini vipande hivi havidanganyi hata pale mnyama alipokwisha kuchemshwa na kukaushwa.

Nyungunyungu hana hata kimojawapo cha hivyo. Mwili wake umegawanyika katika pingili, na katika kila pingili kuna vinyweleo vigumu vinavyomsaidia kujishika udongoni. Vinyweleo hivyo na pingili ni alama ya ukoo wake, anelidi, ambamo wamo pia ruba na minyoo mingi ya baharini.

Jambo litakalomshangaza zaidi mwanafunzi wako ni kwamba jongoo bahari yuko karibu nasi binadamu kuliko alivyo karibu na nyungunyungu. Ushahidi wa kwanza ulitoka katika kiinitete. Kiinitete cha mnyama kikiwa bado kama mpira wa seli, upande mmoja hubonyea kwenda ndani na kufanya tundu. Kwa jongoo bahari, kiti cha pweza na wanyama wenye uti wa mgongo, tundu hilo huangukia upande wa njia ya haja, na mdomo hufunguka baadaye mahali pengine. Kwa wengi wa upande wa pili, aliko nyungunyungu, mdomo hutokana na tundu hilo la kwanza. Karl Grobben wa Austria aliyapa makundi hayo mawili majina mwaka 1908. Kigezo hiki peke yake kina mapungufu, kwa sababu wapo wanyama wa upande wa pili ambao tundu lao hufuata njia nyingine, na ndiyo maana siku hizi hatukitumii bila kukipima na jeni. Jeni zimekubali kwamba ekinodermata na kodata, yaani ukoo wetu, wanashiriki tawi moja.

Nadhani kosa kubwa tunalolifanya katika kufundisha ni kulitumia neno "mnyoo" kana kwamba ni jina la ukoo. Mtoto anayepewa dawa ya minyoo huenda ana tegu, ambaye ni bapa na hana njia ya haja. Huenda ana mchango, ambaye ni wa mviringo na amevikwa ngozi ngumu. Na nyungunyungu wa bustanini ni wa tatu. Hao ni wa faila tatu mbalimbali. Kwa muda mrefu wataalamu waliamini kwamba pingili za nyungunyungu na pingili za tandu zilitoka kwa mhenga mmoja, na Georges Cuvier, mwenzake Lamarck huko Paris, aliwaweka anelidi, wadudu na kaa katika kundi moja la wanyama wenye pingili. Lilikuwa wazo la busara, na lilidumu katika vitabu hadi karne ya 20. Kisha mwaka 1997 watafiti walilinganisha kipande kimoja cha jeni katika wanyama wengi wakakuta kwamba wadudu, kaa na buibui hawaendi na nyungunyungu, bali wanakwenda na mchango na jamaa zake wa mviringo. Kundi hilo jipya likaitwa ekdisozoa, kutokana na neno la Kigiriki lenye maana ya kuvua.

Jina hilo limechaguliwa vizuri, kwa kuwa wanyama hao wote hujivua gamba. Nzige hujivua, buibui hujivua, na mvuvi yeyote wa mikoko anamjua kaa aliyetoka kujivua gamba, ambaye kwa muda mfupi huwa laini hata ukimbonyeza kidole kinazama. Minyoo ya mviringo nayo hujivua ngozi mara nne kabla ya kuwa mizima. Sifa hiyo ilikuwa mbele ya macho ya wataalamu miaka yote, lakini walivutwa na pingili, wakaiona kujivua kuwa jambo dogo. Natamani kila mwanafunzi akumbuke kisa hiki, kwa sababu kinaonyesha kwamba hatuwezi kujua kwa kutazama tu ni sifa ipi iliyo nzito. Ni lazima sifa nyingi zipimwe pamoja, na mti wa ukoo unaokubaliwa ni ule unaohitaji sadfa chache zaidi.

Nyungunyungu naye amebaki na ndugu wasiotarajiwa: konokono, chaza na pweza. Jamaa za nyungunyungu waishio baharini na jamaa za konokono waishio humo humo huanza maisha wakiwa viluwiluwi vinavyofanana mno, vidogo, vinavyozunguka kama pia kwa kutumia mkanda wa nywele laini ulioizunguka sehemu ya kati ya mwili. Nyungunyungu wa bustanini amekipoteza kiluwiluwi hicho, kwa kuwa hutaga katika udongo, na pweza naye amekipoteza, kwa kuwa mayai yake huangua watoto walio tayari na mikono minane. Alama ya ukoo inaweza kupotea, na hili ni jambo ambalo vitabu vyetu vya shule hulipita haraka mno.

Mchukue pweza mwenyewe. Ukitenganisha mikono yake utaukuta mdomo mgumu kama wa kasuku, na ndani yake kuna utepe wenye safu za meno madogo. Utepe huo unaitwa radula, na konokono anao ule ule, ndio anaokwangulia majani. Joho la ngozi linalofunika viungo vya ndani vya pweza, ambalo wapishi huligeuza kulisafisha, ndilo lile linalotengeneza gome la konokono na la chaza. Ngisi bado ana mabaki ya gome ndani ya mwili, na ndiyo asili ya ule ubamba mweupe mwepesi unaookotwa ufukweni. Chaza kwa upande wake hana radula, kwa sababu hujipatia chakula kwa kuchuja maji, lakini sifa zake nyingine zinamfunga kabisa na moluska wenzake, yaani ukoo huu wa konokono na pweza. Asingekuwa na nyingine, tungepotea. Na kinyume chake, jicho la pweza lina lenzi na pazia la kupokea mwanga kama letu, hata watu hudhani ni urithi mmoja, lakini nyuzi zake za neva hupita nyuma ya pazia hilo, ilhali zetu hupita mbele na kutuachia doa pofu. Kila ukoo ulijitengenezea jicho lake.

Ukihitaji mfano wa nchi kavu kwa wanafunzi wasioishi karibu na bahari, watumie mchwa. Wengi humweka mchwa pamoja na siafu na chungu, kwa kuwa wote huishi kwa maelfu wakiwa na malkia. Lakini kumbikumbi anaporuka baada ya mvua, muokote utazame mabawa yake manne: yana urefu karibu sawa, na kiuno chake ni kipana. Chungu mwenye mabawa ana jozi ya mbele ndefu kuliko ya nyuma, na kiuno chembamba kama cha nyigu. Mtoto wa chungu ni buu asiye na miguu, ambaye hupitia hali ya bundo, yaani hatua ya kutulia kabla ya kuwa mkubwa. Mtoto wa mchwa hutembea tangu anapoanguliwa, akiwa kama mzazi wake aliyepunguzwa. Mchwa ni wa ukoo wa mende. Jambo hilo lilishukiwa zamani kutokana na vijidudu vya tumboni vinavyosaga mbao, ambavyo hupatikana pia kwa mende fulani walao mbao, na mwaka 2007 uchunguzi wa jeni uliwaingiza mchwa rasmi katika oda, yaani kundi, la mende. Chungu, siafu, nyuki na nyigu ni ukoo mwingine kabisa.

Utaona kwamba mara nyingi ukweli umetoka kwa watoto wa wanyama kuliko kwa wakubwa wao. Vile viganda vyeupe vikali vinavyoshika chini ya mashua na kuwapa mafundi kazi ya kuvikwangua viliwekwa na Cuvier pamoja na konokono na chaza, kwa sababu ya magamba yao. Mwaka 1830 daktari wa jeshi la Uingereza, John Vaughan Thompson, aliwachunguza watoto wao, akaona wanaogelea kwa miguu yenye viungo kama watoto wa kamba. Wakahamishiwa ukoo wa kamba na kaa, wakabaki huko hadi leo, na Charles Darwin alitumia miaka minane kuwachunguza. Vivyo hivyo, mwaka 1866 Mrusi Alexander Kovalevsky alionyesha kwamba wale wanyama wa baharini walio kama vifuko, wanaong'ang'ania nguzo za gati na kurusha maji wakiguswa, huwa na ufito wa kuegemeza mgongo utotoni, kama ulio katika kiinitete cha binadamu. Hawana uti wa mgongo, lakini ndio jamaa zetu wa karibu kuliko wote wasio nao. Kwa hiyo mpaka kati ya "wenye uti" na "wasio na uti" unapita katikati ya ukoo wetu wenyewe.

Mti huu haujakamilika. Bado wataalamu wanabishana ni tawi lipi la wanyama lililotengana kwanza na mengine yote: sifongo, au wale wanyama wa maji wanaong'aa, wenye safu nane za nywele za kuogelea, ambao wengi huwachanganya na yavuyavu. Uchunguzi wa mpangilio wa kromosomu uliotolewa mwaka 2023 uliwapa hao wa pili nafasi ya kwanza, lakini si wote walioridhika. Usiwafiche wanafunzi ubishi huu. Mwanafunzi aliyeambiwa kwamba wataalamu walikaa wakakubaliana hana sababu ya kutazama. Aliyeambiwa kwamba kila tawi limesimama juu ya ushahidi unaoweza kupimwa upya, ataomba hadubini.

Na hadubini mnaweza kuitumia wiki hii. Kata kipande cha ngozi ya jongoo bahari kisichozidi ukucha wa kidole kidogo, kiweke katika kijaluba chenye dawa ya maji ya kung'arishia nguo nyeupe, dirisha likiwa wazi na mikono ikiwa ndani ya glavu, wala usichanganye dawa hiyo na siki au limau, kwa sababu itatoa hewa ya sumu. Baada ya muda nyama itayeyuka na unga mweupe utatuama chini. Mimina dawa taratibu, suuza unga kwa maji safi mara kadhaa, kisha weka tone lake juu ya kioo cha hadubini na umwache aliyeuliza swali awe wa kwanza kutazama. Akishaviona hivyo vifungo na vijimeza, mpe nyungunyungu. Aloweshe kidole, akipitishe polepole chini ya tumbo lake kutoka mkiani kuelekea kichwani, na atahisi mkwaruzo mwepesi wa vinyweleo ambavyo jicho lake halikuviona. Baada ya hapo nyungunyungu arudishwe bustanini kabla ngozi yake haijakauka, maana hupumulia hapo.